Mitterrand hakuzaliwa msoshalisti, na dhana nyingine ninazochoka kuzisahihisha

Muhula huu nimemaliza kalamu mbili nyekundu, na wino mwingi umeishia kwenye sentensi moja: "François Mitterrand, msoshalisti tangu ujana wake, alipinga ukoloni." Nafundisha historia ya siasa za Ulaya: mchana darasani, jioni kwa watu wazima wanaojiandaa kwenda kusoma Ufaransa. Mitterrand ndiye aliyekuwa rais wa Ufaransa kuanzia 1981 hadi 1995, na sentensi hiyo imenifikia kwa miandiko ya kila aina. Wapo wanaoitia chumvi na kuandika kwamba alikuwa rafiki wa Afrika tangu enzi za kupigania uhuru. Mwaka jana nilikuwa nacheka. Sasa sicheki tena.

Najua inakotoka. Huku kwetu neno "msoshalisti" lina sura ya Mwalimu Nyerere. Mtu akisikia kwamba rais fulani wa Ulaya alikuwa msoshalisti, papo hapo anamvika Azimio la Arusha, kisha anamrudisha nalo hadi utotoni. Lebo ya mwaka 1981, alipochaguliwa rais, inabandikwa kwenye chupa ya mwaka 1916, alipozaliwa. Na chupa yenyewe, kwa taarifa yenu, ilikuwa ya siki: baba yake aliacha kazi ya reli akawa mtengenezaji wa siki huko Jarnac, mji mdogo wa Charente, katika nyumba ya Kikatoliki isiyo na harufu yoyote ya usoshalisti.

Twende taratibu. Mitterrand alipofika Paris kusoma mwaka 1934, aliishi kwenye bweni la mapadri na akajiunga na vijana wa Kanali de La Rocque, harakati ya kizalendo ya mrengo wa kulia. Mwaka 1940 akatekwa na Wajerumani. Alijaribu kutoroka mara tatu, na ya tatu, mwishoni mwa 1941, ikafaulu. Alikwenda wapi baada ya hapo? Vichy, mji ilikokaa serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani. Alifanya kazi kwenye ofisi zilizoshughulikia wafungwa wa vita chini ya serikali ya Marshal Pétain, na mwaka 1943 akapewa nishani ya serikali hiyo, Francisque. Mwaka huohuo alikuwa tayari amejiingiza katika mapambano ya chini kwa chini dhidi ya Wajerumani, akitumia jina la Morland, na Desemba akakutana mjini Algiers na Jenerali de Gaulle, kiongozi wa Wafaransa waliokataa kusalimu amri. Wanafunzi wananibana: mwalimu, alikuwa msaliti au shujaa? Mimi sichagui. Yote mawili yaliyotokea yaandikwe, kila moja na tarehe yake, halafu tuendelee.

Mwaka 1947 akawa waziri kwa mara ya kwanza, wa maveterani, akiwa na miaka 30. Chama chake hakikuwa cha Kisoshalisti. Kilikuwa UDSR, chama kidogo cha katikati. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu hawaijui Jamhuri ya Nne, yaani mfumo wa utawala wa Ufaransa wa 1946 hadi 1958. Serikali zilidondoka kama maembe yaliyoiva, nyingine baada ya miezi, nyingine baada ya wiki, na kila aliyeunda mpya alihesabu kura za wabunge kwa vidole. Chama chenye viti vichache lakini kinachokubali kukaa na huyu leo na yule kesho kilikuwa na bei kubwa kuliko ukubwa wake. Kwa njia hiyo Mitterrand alishika nafasi za uwaziri mara 11 kati ya 1947 na 1957. Alijifunza siasa kwenye soko hilo. Anayetaka kumwelewa mzee wa mwaka 1981 aanzie hapo, si kwenye hotuba za kampeni.

Sasa ukoloni. Mwaka 1950 hadi 1951 alikuwa waziri wa makoloni, wizara iliyoitwa kwa adabu "Ufaransa ya ng'ambo". Kazi yake kubwa ilikuwa kumvuta Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire na RDA, chama chake cha makoloni ya Afrika, watengane na wakomunisti wa Ufaransa. Alifanikiwa, na walowezi walimchukia kwa hilo, wakimwona anawalea Waafrika. Mwaka 1953 alijiuzulu serikalini kwa kutokubaliana na sera ya Afrika Kaskazini, wakati Wafaransa walipomwondoa sultani wa Moroko. Kwa hiyo hakuwa mkoloni wa kiboko, na sitaki mtu atoke hapa akiandika hivyo, maana nitakata maksi pia. Alitaka kuifanyia ukarabati nyumba ya ukoloni. Kuibomoa hakukuwa kwenye mipango yake.

Halafu Algeria. Vita ilipoanza tarehe 1 Novemba 1954, waziri wa mambo ya ndani alikuwa yeye, katika serikali ya Pierre Mendès France. Jibu lake bungeni mwezi huohuo linajulikana: Algeria ni Ufaransa. Februari 1956 akawa waziri wa sheria chini ya waziri mkuu Guy Mollet (ambaye, tazama kichekesho hiki, ndiye aliyekuwa msoshalisti mwenye kadi). Juni mwaka huo, katika gereza la Barberousse mjini Algiers, wapigania uhuru wa Algeria walianza kupelekwa kwenye gilotini. Hadi Mitterrand anaondoka wizarani katikati ya 1957, waliokatwa vichwa walikuwa wamefika takriban 45. Rufaa ya mwisho ilikuwa mikononi mwa Rais René Coty, hilo nakubali, lakini waziri wa sheria alitoa maoni yake, na katika kesi nyingi maoni hayo yalikuwa kukataa msamaha. Fernand Iveton, mfanyakazi mkomunisti mwenye asili ya Ulaya ambaye bomu lake halikulipuka wala kuua mtu, alikatwa kichwa kwa gilotini hiyo Februari 1957. Mitterrand hakujiuzulu. Alibaki mezani, na wengi husema alikuwa anangoja zamu yake ya uwaziri mkuu.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: mbona basi ndiye aliyefuta adhabu ya kifo? Swali zuri kuliko insha yake nzima. Ndiyo, sheria ya tarehe 9 Oktoba 1981, iliyotetewa na waziri wake Robert Badinter, ilifuta adhabu hiyo. Na Machi 1981, katikati ya kampeni, alitamka kwenye televisheni kwamba anaipinga, ilhali Wafaransa wengi waliitaka ibaki. Hilo lilihitaji ujasiri. Ni mtu yuleyule, miaka 24 baadaye. Wewe ukiandika "alipinga daima adhabu ya kifo" umefuta kazi yote aliyoifanya mwenyewe ya kubadilika, kama kubadilika kulikuwa toba au kulikuwa siasa. Mimi nadhani kulikuwa vyote viwili, na uwiano wake alikwenda nao kaburini.

Kadi ya chama cha Kisoshalisti aliipata lini? Juni 1971, kwenye mkutano mkuu wa Épinay, akiwa na miaka 54. Na hapa kuna dhana ndogo iliyojificha ndani ya ile kubwa: hakukiasisi. Chama kilikuwa kimeshaundwa upya mwaka 1969 kutoka kile cha zamani cha 1905. Yeye aliingia na kikundi chake, na ndani ya wiki hiyohiyo akawa katibu wa kwanza, yaani kiongozi wa chama. Mgeni amekaribishwa sebuleni, kabla chai haijapoa anashika funguo za stoo.

Kwa nini alielekea kushoto? Hesabu. Tangu mwaka 1962 rais wa Ufaransa anachaguliwa moja kwa moja na wananchi, na duru ya pili inabaki na watu wawili tu. Mitterrand aliipinga katiba ile ya de Gaulle, lakini aliisoma kuliko walioiandika. Mwaka 1965 alisimama kama mgombea pekee wa kushoto, akapata karibu asilimia 45 katika duru ya pili dhidi ya Jenerali mwenyewe, aliyekuwa rais. Akajua: bila wakomunisti hakuna ushindi, na chini ya wakomunisti hakuna ushindi vilevile. Mwaka 1972 akasaini nao mpango wa pamoja, kisha muda mfupi baadaye, mbele ya wasoshalisti wenzake wa nchi nyingine waliokutana Vienna, akaeleza bila kuficha kwamba kati ya wapigakura milioni 5 wa wakomunisti, milioni 3 wanaweza kuwapigia wasoshalisti. Yaani anamkumbatia mtu huku anapima kanzu yake. Mwaka 1981 mgombea wa wakomunisti alipata asilimia 15. Mwaka 1988 mgombea wao hakufika hata 7.

Simaanishi usoshalisti wake ulikuwa geresha. Likizo ya wiki ya tano yenye malipo, kustaafu ukiwa na miaka 60, wiki ya kazi ya saa 39, benki na makampuni makubwa kutaifishwa kwa sheria ya Februari 1982: hayo yalifanyika kweli. Lakini faranga ilishushwa thamani mara tatu, na Machi 1983 akakaza mkanda. Kuanzia hapo hata wasoshalisti wenyewe wanabishana ni nini kilichobaki.

Ushauri wangu ni uleule kila mwaka, na kila mwaka nusu ya darasa hawaufuati. Kabla ya kuandika neno moja kuhusu mwanasiasa aliyekaa miaka 50 kwenye ulingo, chora jedwali la safu tatu: mwaka, cheo, chama. Karatasi moja inatosha. Jaza kwa penseli, maana utafuta. Ukimaliza, sentensi ya "tangu ujana wake" itaona haya yenyewe.

Mengine nayapitia mbiombio.

"Alibadili katiba ili atawale miaka 14." Hapana. Huyu mwandishi amemchanganya na marais anaowajua. Muhula wa miaka 7 ulikuwapo Ufaransa tangu 1873, naye alichaguliwa mara mbili: asilimia 51.76 dhidi ya Valéry Giscard d'Estaing mwaka 1981, na 54.02 dhidi ya Jacques Chirac mwaka 1988. Muhula ulifupishwa kuwa miaka 5 kwa kura ya maoni ya mwaka 2000, yeye akiwa ameshafariki.

"Miaka yote 14 alitawala peke yake." Mara mbili upande wake ulishindwa uchaguzi wa bunge, akalazimika kufanya kazi na waziri mkuu wa upinzani: Chirac 1986 hadi 1988, Édouard Balladur 1993 hadi 1995. Wafaransa wanaita hali hiyo kuishi nyumba moja. Julai 1986 Chirac alitaka kubinafsisha makampuni kwa amri za serikali; rais akakataa kutia saini, ikabidi jambo lipitie bungeni. Alichelewesha, hakuzuia. Na Mitterrand yuleyule aliyeandika kitabu kizima mwaka 1964 kulaani madaraka ya rais, aliyatumia alipoyapata.

"Hotuba yake ya La Baule ndiyo iliyoleta vyama vingi Afrika." Hotuba hiyo, iliyowataka marais wa Afrika waelekee demokrasia, ilitolewa kwenye mkutano wao na Ufaransa katika mji wa La Baule, tarehe 20 Juni 1990. Mkutano wa kitaifa wa Benin ulifanyika Februari mwaka huo. Tanzania, ambayo Paris haikuwa na lolote la kuiamuru, Mwalimu mwenyewe alishaanza kusema mapema 1990 kwamba chama kimoja si msahafu. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, hazina zilikuwa tupu, watu walikuwa barabarani. La Baule ilidandia gari lililokuwa likienda.

Kuhusu Rwanda napata dhana mbili zinazopingana, na zote mbili naziwekea mstari. Moja inasema Mitterrand hakuhusika kwa lolote. Nyingine, kwamba imethibitishwa alipanga pamoja na wauaji. Ufaransa ilipeleka askari Oktoba 1990 na kuiunga mkono serikali ya Juvénal Habyarimana miaka yote iliyofuata, na uamuzi ulitoka Ikulu ya Élysée, kwa rais na kundi dogo la washauri wake. Tume ya wanahistoria iliyotoa ripoti Machi 2021, baada ya kufunguliwa nyaraka, ilisema Ufaransa ina wajibu mzito na wa kulemea, lakini haikuona ushahidi wa kushiriki kwa makusudi katika mauaji ya kimbari. Wapo wanaoona hitimisho hilo ni la upole mno. Someni ripoti kwanza, halafu mbishane.

La mwisho ni "aliugua mwishoni". Saratani ya tezi dume iligunduliwa Novemba 1981, miezi sita tu baada ya kuchaguliwa. Yeye ndiye aliyeahidi taarifa ya afya yake kila baada ya miezi sita, na taarifa hizo zikatoka, zimesainiwa na daktari, bila neno saratani. Wananchi waliambiwa Septemba 1992. Aliondoka madarakani Mei 1995, akafariki tarehe 8 Januari 1996. Kwenye mazishi ya Jarnac, binti yake aliyefichwa umma kwa karibu miaka 20 alisimama pamoja na mke na watoto wa ndoa, mbele ya kamera.

Insha zenu narudisha Jumatatu. Asiye na jedwali asinipe kurasa nyingine.