Diski imetokeza kwenye picha: lazima upasuliwe?

Wagonjwa wa mgongo kutoka Urambo na Sikonge mara nyingi hufika hapa Tabora mjini na bahasha ya kaki. Ndani mna picha ya MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha ndani ya mgongo, iliyopigwa mbali, kwa pesa ya tumbaku au ya ng'ombe aliyeuzwa, na majibu yanayosema diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, imetokeza. Ndugu wameshakaa kikao. Wanachouliza ni kimoja: upasuaji ni shilingi ngapi?

Bahasha tunaiweka kando kwanza, tunamwomba mgonjwa atembee. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha vipimo vya watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyotuna. Kwa wenye miaka 80, asilimia 84. Babu anayepalilia karanga bila taabu naye akipigwa picha ataambiwa pingili zimesagika.

Tunachotafuta ni maumivu ya mguu. Diski ikibana mshipa wa fahamu, maumivu hushuka kutoka kwenye tako hadi chini ya goti, kwa kawaida mguu mmoja, pengine na ganzi. Mlaze chali, unyanyue mguu huo ukiwa umenyooka: haufiki mbali kabla hajakunja uso. Huyo ndiye upasuaji unaweza kumfaa. Maumivu yanayoishia kiunoni tu kisu hakiyawezi sana.

Na hata huyo ana nafasi ya kuchagua. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa 2007, wagonjwa 283 waliokuwa wameteseka na mguu kwa wiki 6 hadi 12 waligawanywa kwa kura: wengine wapasuliwe mapema, wengine waendelee na dawa, wapasuliwe wakizidiwa. Nusu ya waliopasuliwa mapema walipona ndani ya wiki 4. Kwa waliosubiri, ilichukua wiki 12. Lakini mwaka ulipotimia, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Kati ya waliosubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Waliobaki walikwepa kisu kabisa. Kwa hiyo anayelipia upasuaji analipia kupona mapema. Mkulima ambaye tumbaku inaiva shambani na hawezi kuinama, simlaumu akiuchagua. Ninachokataa ni kumtisha kwamba bila kisu atapooza.

Siku hizi wengi wanaulizia ule wa tundu dogo. Waholanzi haohao waliupima mwaka 2009: upasuaji wa kupitia kibomba haukuushinda ule wa kawaida wa hadubini. Wa kamera ndogo, uliopimwa 2022, haukupitwa na huo wa kawaida katika kutuliza maumivu ya mguu. Uzoefu wa mpasuaji ni jambo la kuulizia kabla ya urefu wa kovu.

Kulala kitandani hakusaidii. Helsinki, Finland, mwaka 1995, wenye maumivu ya kiuno waliolazwa siku mbili walichelewa kupona kuliko walioendelea na shughuli zao kadiri maumivu yalivyoruhusu. Mikanda ya kiuno nayo, kwa maumivu ya muda mrefu, Shirika la Afya Duniani halikuipendekeza katika mwongozo wake wa Desemba 2023. Lilitaja mazoezi na elimu. Sindano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, za kila wiki pale duka la dawa ni hatari kwa tumbo na figo, na wauzaji wanalijua hilo.

Yupo asiyepaswa kusubiri hata kidogo: mwenye ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo umegoma au unamtoka bila kujua, miguu yote miwili imelegea. Aletwe hospitali usiku huohuo, kwa bodaboda ikibidi, maana kibofu kinaweza kisirudi.

Kisha kuna kifua kikuu cha mgongo, ambacho hukaa miezi mingi kikikandwa na kuchanjwa chale. Maumivu huzidi usiku, mwili unakonda, homa inakuja na kuondoka, kikohozi huenda kisiwepo. Baadaye kibyongo kinachomoza. Hapa picha inahitajika mapema. Hata hivyo wengi hupona kwa dawa, ambazo hutolewa bure, huku wakitembea. Majaribio ya Masan, Korea, yaliyochapishwa 1973 yalionyesha kwamba kuwalaza kitandani hakukuongeza nafuu. Upasuaji tunauacha kwa ambao miguu inazidi kuishiwa nguvu au pingili zimeporomoka.