Riwaya za Kisayansi na Fantasia: Yanayodhaniwa Kuhusu Waandishi Wake

Dhana inayosikika sana Mwanza ni kwamba riwaya za kisayansi na fantasia ni kazi ya Wazungu, na kwamba Mswahili anayeziandika anaiga tu. Ukweli ni kwamba ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, ambaye baada ya kujijengea jina kwa riwaya za kihalisia aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambazo ulimwengu wake haufuati kanuni za huu tunaouishi. Wahakiki wengi hawaziiti fantasia, na sina ugomvi nao, lakini anayedai kwamba Kiswahili hakijathubutu kuvuka mipaka ya uhalisia hajazisoma. Nchini Kenya, Katama Mkangi alimsafirisha mhusika wa Walenisi (1995) kwa chombo cha angani.

Dhana ya pili, ambayo kwa maoni yangu huharibu miswada mingi kuliko nyingine zote, ni kwamba anayebuni ulimwengu wake mwenyewe hana haja ya utafiti. Msomaji yuko tayari kuikubali sayari yenye miezi miwili, mradi mwandishi naye ayakubali matokeo yake. Tuseme sayari hiyo ina ziwa kama letu na wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao hufanyika usiku wa giza, taa zikiwavuta dagaa juu, na mbalamwezi inapowaka taa hizo hupoteza nguvu na mitumbwi ikabaki ufukoni. Miezi miwili ikipokezana kuchomoza, usiku wa giza utapungua, dagaa wataadimika sokoni, bei itapanda na madeni ya mwenye mtumbwi yataongezeka. Hapo sasa kuna hadithi. Mwandishi aliyekaa na wavuvi pale Mwaloni, Kirumba, atayaona hayo mapema, ilhali asiyewajua ataitundika miezi yake angani kama pambo. Ziwa Victoria lenyewe nalo lina mengi: wanasayansi waliochunguza matope ya chini yake wanakadiria kwamba lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, wakati ambapo Ukerewe haikuwa kisiwa hata kidogo. Nashangaa kwamba hatujajaziwa rafu za vitabu kwa jambo hilo moja.

Hayo hayamaanishi kwamba ni lazima mtu awe na shahada ya sayansi. Kati ya waandishi wa Marekani wa riwaya za kisayansi, Isaac Asimov alikuwa mwanabiokemia, lakini Octavia Butler hakuwa mwanasayansi.

Kuhusu fedha, wengi hudhani kwamba kitabu kimoja kikipendwa mwandishi ameukata. Mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, mara nyingi huwa karibu asilimia 10 ya bei, kwa hiyo riwaya ya shilingi 10,000 humpa mwandishi shilingi 1,000 kwa nakala, na nakala 1,000, ambazo huenda zikachukua miaka kuuzika, humpa shilingi milioni moja. Ndiyo maana wengi hushika kazi nyingine: Kezilahabi alikuwa mhadhiri Dar es Salaam na baadaye Botswana, Mkangi alifundisha sosholojia, na Butler aliosha vyombo na kukagua chipsi kiwandani kabla kalamu haijaweza kumlisha. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Ruzuku ya MacArthur, ambayo Marekani huwapa wabunifu waliotia fora, ilimfikia mwaka 1995. Hapa nyumbani, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ina kipengele cha riwaya, nayo ni mlango halisi kwa asiye na mchapishaji.

Kuna pia wanaoficha mswada kabatini wakihofia kwamba mhariri ataiba wazo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda maandishi yenyewe, si wazo tupu, na wazo la ziwa lililokauka linaweza kuzaa riwaya kumi zisizofanana. Woga huo ungefaa zaidi ukielekezwa kwenye mkataba, hasa vifungu vya tafsiri, filamu na nakala za kielektroniki, ambavyo waandishi wachanga huvitia saini bila kuuliza haki hizo zitarudi kwao lini.