Injini kumisi: maana yake, na namna ya kujua ni silinda ipi

Ukipita Unga Limited, mtaa wa gereji hapa Arusha, asubuhi, kabla gereji hazijachangamka, neno utakalolisikia sana ni "inamisi". Mwenye gari analisema, fundi analiitikia, na baada ya dakika mbili mtu katumwa dukani kununua plagi. Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea, kwa sababu kumisi ni dalili tu. Ni kama kusema mtoto ana homa.

Injini inamisi pale silinda moja au zaidi inapopitwa na zamu yake ya kuwaka. Kwenye injini ya petroli ya silinda nne, kila silinda huvuta hewa na mafuta, hubana, plagi hupiga cheche, mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni chini, kisha moshi hutoka. Zamu zinafuatana, kwa Toyota nyingi za silinda nne ni 1, 3, 4, 2. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Hiyo ni miwako 1,400 kwa dakika, zaidi ya 23 kila sekunde. Sikio haliwezi kuihesabu, lakini mmoja ukikosekana katika kila minne, usukani unatetemeka, kioo cha pembeni kinacheza, na bomba la moshi linakohoa. Weka kiganja nyuma ya bomba, mbali kidogo usiungue: pumzi ya injini nzima inakuja sawasawa, ya injini inayomisi ina pengo linalojirudia. (Kama pumzi ni sawa lakini bodi inatikisika, angalia kwanza ile mipira inayoshika injini.)

Silinda inahitaji mambo matatu tu ili iwake: cheche, mafuta na hewa kwa kipimo chake, na mbano. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku zote ni: linamisi wakati gani?

Kama linatetemeka kwenye sailensa na ukikanyaga kidogo linatulia, shuku hewa inayoingia kwa kuibia. Mpira wa hewa ukipasuka nyuma ya throto (mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini), hewa isiyopimwa huingia, na kwa kuwa kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, hata upenyo mdogo unavuruga kipimo. Ukikanyaga, wizi huo unamezwa.

Kama limetulia mjini Moshi lakini likipakia watu na kuanza kupanda Kibosho au Marangu linakatakata, geukia cheche. Injini ikibeba mzigo, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na cheche inapata kazi ngumu kuruka. Koili (inayotengeneza umeme wa cheche) iliyochoka au waya wa plagi wenye ufa hushindwa hapo. Filta ya mafuta iliyoziba nayo huonekana kwenye mlima.

Na kama linamisi asubuhi za baridi tu, Juni na Julai, kisha linatulia, fungua rejeta kabla hujaliwasha. Maji yakipungua kila siku bila kuvuja chini, huenda gasketi ya silinda hedi inayapitisha kwenye silinda usiku.

Magari ya zamani ya kabureta, yanayochanganya mafuta na hewa bila kompyuta, yana lao. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa uko chini kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Kabureta iliyosetiwa Dar ikifika huku inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na plagi zinatoka nyeusi kwa masizi. Kubadilisha plagi hapo hakusaidii wiki mbili.

Sasa tafuta silinda yenyewe. Injini ikiwa kwenye sailensa, chomoa soketi ya umeme ya nozeli moja (nozeli ndiyo inayopulizia silinda mafuta), sikiliza, rudisha, nenda ya pili. Ukichomoa na injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na hakuna kilichobadilika, umeipata. Mafundi wengi huchomoa waya wa plagi badala ya nozeli. Mimi siupendi mtindo huo: umeme wa pale ni maelfu ya volti, na mafuta yasiyowaka yanakwenda kuunguza masega, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi. Gari likiwa na koili moja kwa kila plagi, hamisha koili ya silinda mbovu kwenda kwa jirani yake. Tatizo likihama nayo, koili ndiyo mbovu.

Corolla yangu ya disibyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi kupitia waya) ilibadilishiwa plagi mara mbili ndani ya miezi mitatu, na kila mara ilitulia siku chache tu. Nilipopima mwenyewe, silinda ya 3 ilikuwa haina mchango. Nilivuta waya wake ukatoka unachuruzika oili, mpira wa mwisho umevimba na kulainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Sili za tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, zilikuwa zimekwisha, oili inashuka kwenye shimo la plagi, na umeme unatoroka pembeni kabla ya kufika kwenye ncha. Sili, waya mpya, kitambaa cha kufutia shimo. Plagi zilezile zikaendelea kufanya kazi.

Cheche ikiwepo na mafuta yakiwepo, linabaki la mbano. Injini nyingi za petroli zenye afya husoma kati ya 150 na 180 psi kwenye geji ya mbano, na silinda zisipishane sana. Moja ikisoma 90, mimina oili ya injini kijiko kimoja kwenye shimo la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimelika. Kikibaki palepale, ni valvu au gasketi, na hedi lazima ifunguliwe.