Video ya Simu Ni Ushahidi

Kwenye steji za bodaboda Kampala, mtu akirekodi kwa simu askari akimpiga raia, utasikia: "Rekodi tu, mahakama haitambui mambo ya simu." Si kweli. Tangu 2011, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kinachopimwa ni uzito wake: video ilirekodiwa vipi, ikahifadhiwa vipi, na kama haikuchezewa. Hapo ndipo wengi hupoteza haki yao, na inauma. Ukikata vipande, ukaongeza muziki, kisha ukafuta ya awali, umempa wakili wa askari aliyempiga raia mwanya wa kuitilia shaka. Tafadhali, tunza faili halisi, na uwe tayari kumweleza hakimu ulichokiona kwa macho yako.