Kimbunga Kikikaribia: Kabla ya Kuamua Kubaki Nyumbani, Yafikirie Maji

Kimbunga kikiwa bado siku mbili baharini, kila familia iliyo kwenye njia yake hujiuliza swali moja: tukae au tuondoke? Wengi hujibu kwa kutazama kuta. Nyumba ni ya matofali, paa ni jipya, dhoruba ya mwaka juzi ilipita bila kung'oa hata bati moja, basi tutakaa. Sisi tunaofanya kazi ya kukabiliana na maafa huanzia kwingine. Tunauliza nyumba imesimama wapi, eneo lake limeinuka kiasi gani kutoka usawa wa bahari, na mto wa jirani hupita wapi unapofurika. Ukuta imara unaweza kukukinga na upepo. Bahari ikipanda hadi dirishani, uimara wa ukuta haukusaidii kitu.

Watafiti wa Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani walipitia vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga nchini humo kuanzia 1963 hadi 2012. Walikuta kwamba takriban vifo tisa kati ya kumi vilitokana na maji, na karibu nusu ya vifo vyote vilitokana na bahari kuvamia nchi kavu. Upepo, ambao ndio tunaouogopa na ndio unaoonyeshwa kwenye televisheni, uliua wachache.

Bahari huvamiaje nchi kavu? Upepo wa kimbunga huyasukuma maji kuelekea upande mmoja kwa saa nyingi mfululizo. Maji yale yakifika pwani, ambako kina ni kifupi, hayana pa kwenda ila juu na mbele. Hili tunaliita wimbi la dhoruba, lakini usidhani ni wimbi moja linalopiga na kurudi. Ni usawa wa bahari wenyewe unaopanda na kukaa juu kwa saa kadhaa, huku mawimbi ya kawaida yakiendelea kupiga juu yake. Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoingia nchi kavu, bahari huko Pass Christian, jimbo la Mississippi, ilipanda zaidi ya mita 8. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Piga hesabu ya mita za ujazo zinazoweza kuegemea ukuta mmoja wa nyumba, tena zikiwa zinatembea.

Hapo ndipo madaraja ya vimbunga yanapowapotosha watu. Kipimo cha daraja la 1 hadi la 5 kinachotumika kwa vimbunga vya Atlantiki hupima kasi ya upepo peke yake: daraja la 1 huanzia kilomita 119 kwa saa, na la 5 huanzia kilomita 252. Hakisemi lolote kuhusu mvua wala bahari. Kimbunga Ike cha mwaka 2008 kilikuwa daraja la 2 kilipofika Texas, na bado bahari ilifagia mitaa mizima ya rasi ya Bolivar. Harvey cha 2017 kilifanya madhara yake makubwa baada ya upepo wake kupungua, kilipotulia juu ya Texas na kunyesha kwa siku kadhaa. Mahali paitwapo Nederland palipimwa zaidi ya milimita 1,500 za mvua. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni daraja la 1 tu", muulize kuhusu maji.

Ramani ya njia ya kimbunga nayo ina mtego wake. Ile picha inayoanza nyembamba na kupanuka kama pembe huonyesha mahali ambapo kitovu cha kimbunga kinaweza kupita. Haionyeshi ukubwa wa kimbunga, na takriban mara moja katika kila mara tatu kitovu chenyewe hutoka nje ya mipaka yake. Mvua na upepo vinaweza kufika mamia ya kilomita kutoka kitovuni. Ukiona nyumba yako iko nje kidogo ya ule mstari, usivunje maandalizi.

Baada ya kuyapima maji, uamuzi huwa mwepesi zaidi. Kama mamlaka zimetangaza eneo lako lihamwe, ondoka. Kama nyumba iko bondeni, kando ya mto au katika pwani ya chini, ondoka hata kabla ya tangazo. Nyumba za kuhamishika na majengo mepesi hayafai hata pale ambapo maji hayafiki. Mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni au huduma ya kusafisha damu asibaki, kwa sababu umeme unaweza kukatika kwa majuma kadhaa, na vivyo hivyo mama aliyekaribia kujifungua. Kuondoka si lazima kuwe safari ndefu. Mara nyingi kilomita chache hadi kwa ndugu anayeishi mahali palipoinuka, kwenye nyumba imara, zinatosha. Ila ondoka mapema: upepo ukishafikia kilomita 63 kwa saa, kazi za nje huwa hatari, madaraja huanza kufungwa, na waokoaji huenda wasiweze kukufikia.

Tuseme umepima yote hayo na nyumba yako iko juu, ni imara, na hujaamriwa kuhama. Kubaki ni uamuzi halali, tena huwaachia barabara wale wanaolazimika kukimbia. Sasa ndipo upepo unapokuwa hoja.

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu. Dirisha likivunjika, hewa huingia kwa kishindo na kulisukuma paa hilohilo kutoka ndani, na nguvu hizo mbili zikikutana, paa hung'oka kama mwavuli ulioshikwa na upepo kwa chini. Wahandisi waliokagua nyumba kusini mwa Florida baada ya kimbunga Andrew mwaka 1992 walikuta hadithi hiyo tena na tena: mlango mpana wa gereji umebonyea, au mbao za paa zilipigiliwa misumari michache, kisha nyumba nzima ikafunguka. Ndiyo maana ule ushauri wa zamani wa kuacha dirisha moja wazi ili "kupunguza presha" ni wa hatari. Funga kila dirisha na kila mlango, na ndani ya nyumba funga pia milango ya vyumba, ili hewa ikiingia chumba kimoja isipate njia ya kuenea.

Madirisha yazibwe kwa luva za kuhimili dhoruba au kwa plaiwudi nene, angalau milimita 16, iliyokatwa kwa vipimo na kufungwa kwa skrubu kwenye fremu, si kuegeshwa. Kubandika utepe wa gundi kwenye kioo kwa alama ya msalaba hakukizuii kuvunjika. Kunachofanya ni kuviunganisha vipande vikawa vikubwa na vya kutisha zaidi. Viti vya nje, vyungu vya maua, mitungi mitupu ya gesi, baiskeli na bati lililolegea viingizwe ndani au vifungwe, maana kila kimoja kitageuka kombora kwenye dirisha lako au la jirani. Kazi hii yote imalizike siku moja kabla. Hakuna kazi ya ngazi inayostahili kufanywa upepo ukishaanza.

Kuhusu akiba, kipimo cha maji ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na matumizi ya lazima. Siku tatu ndicho kiwango cha chini, lakini mimi nashauri wiki mbili kwa yeyote mwenye nafasi ya kuhifadhi. Jaza pia ndoo na beseni kwa ajili ya choo. Chakula kiwe kile kisichohitaji kupikwa. Nyaraka za familia zifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Tumieni tochi, si mishumaa, kwa sababu zimamoto haitaweza kufika. Redio ya betri bado ni chombo muhimu sana, kwani minara ya simu huanguka, na inaposimama huzidiwa. Hapo ujumbe mfupi wa maandishi hupita pale ambapo simu haipiti. Chagueni ndugu mmoja aliye mbali na dhoruba ambaye wote mtamjulisha hali zenu.

Dawa zinahitaji kufikiriwa mapema. Wanaotumia insulini huwa na hofu ya haki kuhusu friji isiyo na umeme, lakini aina nyingi za insulini zinaweza kukaa kwenye joto la nyuzi 15 hadi 30 kwa hadi siku 28. Ziwekwe mbali na jua, na zisigusane moja kwa moja na barafu, kwa sababu insulini ikiganda haifai tena. Friji ambayo haifunguliwi hutunza ubaridi kwa takriban saa 4; friza iliyojaa, takriban saa 48.

Usiku wa kimbunga, kusanyikeni kwenye chumba kimoja cha katikati ya nyumba, ghorofa ya chini kabisa ambayo maji hayawezi kufika, kisicho na dirisha. Bafu, korido, stoo iliyo chini ya ngazi, vyote vinafaa. Kila mtu avae viatu vya kufunika miguu, kwa sababu baadaye mtatembea juu ya vioo. Godoro la kujifunika likiwepo, na helmeti hata ya pikipiki, ni kinga nzuri dhidi ya vitu vinavyoanguka. Watoto waambiwe mapema kwamba kutakuwa na kelele za kutisha, nyumba italia na masikio yanaweza kuziba. Anayejua kinachokuja hutulia kuliko anayeshtukizwa.

Maji yakianza kuonekana, zima swichi kuu ya umeme, mradi mahali unaposimama ni pakavu. Ukishakuwa ndani ya maji, usiiguse. Pandeni ghorofa ya juu. Lakini msiingie darini pasipo na njia ya kutokea. Huko New Orleans wakati wa Katrina mwaka 2005, kuta za kuzuia maji zilipobomoka, watu walikimbilia darini na wengine walifia humo kwa kukosa cha kutobolea paa. Kama dari ndilo kimbilio pekee ulilonalo, nyumba hiyo haikupaswa kuchaguliwa tangu mwanzo.

Kisha huja wakati unaowahadaa wengi. Upepo unakatika ghafla, pengine hata nyota zinaonekana. Hilo ni jicho la kimbunga linapita juu yenu. Huwa na upana wa kilomita 30 hadi 65 kwa kawaida, kwa hiyo utulivu unaweza kudumu dakika chache au ukakaribia saa nzima, halafu upepo hurudi kwa nguvu zilezile ukitokea upande wa pili. Mti uliolegezwa mizizi na nusu ya kwanza huangushwa na nusu ya pili. Bakini ndani mpaka mamlaka ya hali ya hewa itangaze kwamba kimbunga kimepita.

Nimeyaweka mwisho mambo ya siku zinazofuata, ingawa kwa maoni yangu ndiyo yanayopewa uzito mdogo kuliko yanavyostahili. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana Agosti 2020, watu wa pwani walihama kwa wingi na wimbi la dhoruba halikuua mtu anayejulikana. Baadhi ya walioepuka bahari waliuawa na jenereta. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu kadhaa walikufa majumbani mwao, wakiwemo wa familia moja. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekea mbali na madirisha na milango. Gereji si nje, hata mlango ukiwa wazi. Jiko la mkaa nalo hutoa gesi hiyohiyo, kwa hiyo lisiletwe ndani hata mvua ikinyesha. Na kamwe usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani: umeme hurudi kwenye nyaya za barabarani na unaweza kumuua fundi anayezitengeneza.

Puerto Rico, kimbunga Maria cha Septemba 2017 kilitangazwa awali kuwa kimeua watu 64. Utafiti wa Chuo Kikuu cha George Washington ulikadiria baadaye vifo 2,975 katika miezi iliyofuata, wengi wakiwa wazee na maskini waliokosa umeme, dawa na huduma. Septemba hiyohiyo ya 2017 huko Florida, baada ya kimbunga Irma, wazee 12 wa makao mamoja ya kulelea walifariki kutokana na joto kwa sababu viyoyozi vilikuwa vimezimika. Hospitali ilikuwa karibu kabisa. Kwa hiyo mkishajihakikishia usalama wenu, nendeni kwa jirani mzee anayeishi peke yake, na si mara moja tu. Mguse paji la uso, mpe maji, angalia kama anajibu maswali sawasawa. Mwenye joto kali aliyeanza kuchanganyikiwa anahitaji kupozwa kwa maji na kupelekwa kwa daktari papo hapo.

Msivuke maji yanayotembea. Sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Waya ulioanguka uchukulieni kuwa una umeme, pamoja na dimbwi unalogusa. Maji ya kunywa yachemsheni hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au kwenye maji maangavu tieni matone mawili ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, kwa kila lita, kisha msubiri dakika 30. Baada ya kimbunga Idai kupiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, kipindupindu kilitangazwa kabla mwezi haujaisha na maelfu waliugua. Mtoto akianza kuharisha majimaji, mpeni maji ya chumvichumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini wakati huohuo mkitafuta kituo cha afya kilichofunguliwa.