Mninga nao unaliwa, inategemea sehemu gani

Huku Tabora wengi tunaamini mbao ikishakuwa mninga basi mchwa na dumuzi hawaigusi, wala haihitaji dawa. Kwa kile kiini cha kahawia cha katikati ni kweli kwa kiasi kikubwa, ila ule upande mweupe-mweupe karibu na gome, japo ni mti huohuo, wadudu wanautafuna vizuri tu, na fremu ya mlango ikianza kutoa unga kwenye vitundu mara nyingi ni hapo. Kabla hujalipa angalia kichwa cha ubao, rangi mbili utaziona, kama umeshapakwa rangi kwaruza kidogo na kisu. Ukikuta weupe mwambie fundi autoe, au apake dawa ya mbao kwanza, maana vanishi ikitangulia dawa haipenyi tena.