Plaiwudi ya Kenya na Tanzania: acheni kulinganisha kwa dola tupu

Nimetumiwa tena ule mchoro. Mistari miwili, Kenya na Tanzania, mauzo ya nje ya plaiwudi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa) na chipubodi kwa dola, na chini yake hukumu: Kenya ilifunga misitu, Tanzania ikapita. Haya, tuongee.

Kufunga ni kweli. Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma, na 2023 Rais Ruto akatangaza kuondoa katazo. Lakini dola hazikuoneshi hilo. Mwaka 2021 nauli ya kontena ilipaa, na kwa kawaida manunuzi huandikwa kwa CIF, nauli na bima zikiwemo, ilhali mauzo huandikwa kwa FOB, bila hizo. Anayechora mauzo kwa takwimu za mnunuzi, mzigo uleule wa MDF "unakua" bila kuongezeka shiti hata moja.

Basi hesabu shiti? Hapana. Za futi 4 kwa 8, unene wa mm 3, unahitaji kama 112 kupata mita moja ya ujazo. Za mm 18 hazifiki 19. Tumia mita za ujazo. Forodha ikikupa kilo tu, usigawe MDF na plaiwudi kwa uzito mmoja, MDF ni nzito zaidi.

Sasa kinachonikera hasa: vinia, yaani maganda membamba ya gogo. Chukua gogo la mlingoti kutoka Mufindi. Linamenywa kwenye mashine, maganda yanaanikwa juani, yanafungwa, yanapakiwa kwenye lori. Yakivuka Namanga yakiwa maganda, forodha inayaandika kwa namba ya bidhaa 4408, vinia. Kiwanda cha Kenya kikiyapaka gundi, kikapishanisha nyuzi na kuyabana kwa joto, yanakuwa 4412, plaiwudi. Plaiwudi hiyo ikiuzwa Uganda, sifa yote inakwenda Kenya. Anayejumlisha 4410 hadi 4412 peke yake (chipubodi, MDF na plaiwudi) hataona kwamba mti ulitoka Tanzania. Anayeongeza 4408 atauona, ila mti huohuo ataukuta mara mbili, kwanza kama vinia, halafu kama plaiwudi. Kikapu kipi cha namba ni sahihi? Inategemea unauliza nani anavuna au nani ana kiwanda. Mchoro haukuuliza lolote.

Na FAO wenyewe, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa lenye makao Roma, ambalo hutoa takwimu za misitu, walibadilisha kikapu. Zamani vinia ilikuwa ndani ya jumla moja na plaiwudi, MDF na chipubodi, siku hizi inasimama peke yake. Unganisha faili la zamani na jipya bila kusoma maelezo, utapata poromoko lililochimbwa na karani wa Roma, halafu utaandika makala nzima kuhusu sera ya misitu. Namba 4411, ya mbao za nyuzi kama MDF, nayo ilipangwa upya 2007: kabla ya hapo iligawanywa kwa msongamano, baadaye MDF ikapewa vifungu vyake kwa unene. Usivuke mwaka huo bila jedwali la ulinganisho.

Mimi mwenyewe nina shaka moja ambayo sijaimaliza. Muuzaji na mnunuzi wakitofautiana, sisi wa takwimu za biashara huchukua takwimu za mnunuzi, kwa hoja kwamba forodha hukagua zaidi panapo ushuru. Lakini bidhaa yenye cheti cha asili cha Afrika Mashariki hailipi ushuru wa forodha ikivuka kwenda kwa jirani. Inabaki VAT, na VAT humpa mtu sababu nzuri ya kutaja bei ndogo. Kwa hiyo kwa biashara ya Tanzania na Kenya nachora mistari yote miwili, wa muuzaji na wa mnunuzi, na pengo naliacha lionekane. Wateja hawalipendi kabisa.